Talaka ya Usingizini

Ng'ambo, Tabora
11 Januari 1976

Mdogo wangu Nassibu,

Nakusalimu wewe na mkeo Mwanamkuu. Huku Ng'ambo tu wazima, ila goti langu la kushoto linatangaza mvua kabla ya redio. Zamda, binti yangu, amejifungua mtoto wa kike huko Sikonge na amempa jina la marehemu mama. Duka lipo, sukari haipo. Watu wakija kuuliza sukari nawapa chumvi na maneno.

Sasa sikiliza. Tangu mama afariki mwezi wa nne mwaka jana sijakuandikia, na sababu unaijua. Siku ya hitima masheikhe wamekaa, juzuu zimegawanywa, na wewe, mtoto wake wa kiume wa pekee, umeegemea ukuta unakoroma mpaka msomaji akanyamaza. Saidi Mzaramo, mtani wetu, naye haachi kitu kimpite, akajilaza sakafuni kando yako akakoroma pia. Kisha akainuka akatangaza, "Mwacheni, pombe ya jana haijamshuka! Mamaye kafa na kiu, yeye kazimaliza zote!" Watu wakacheka msibani, maana ndiyo kazi ya watani. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzangu. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Nisingeyafukua hayo, ila juzi Mussa, kaka yake Mwanamkuu, alipita dukani. Anasema dada yake amekonda, macho mekundu, na wewe unalala mchana kutwa, uso umevimba, ulimi mzito. Anasema Saidi alitania lakini hakukosea. Unakumbuka baba alivyotutesa kwa chupa. Nijibu neno moja tu: unakunywa au hunywi? Wakwe zako wanataka kukaa kikao, na baada ya mama mimi ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Wakiniuliza nitasema nini?

Barua zako zinazoingia kwenye sanduku letu la posta nimekuwekea. Siku ukija utachukua.

Usikawie kujibu.

Ni mimi dada yako,
Kuluthumu


Kigwa
2 Machi 1976

Dada Kuluthumu, shikamoo.

Barua ilifika. Ilikaa kwa balozi wa nyumba kumi wiki mbili, kwangu ikakaa wiki nne. Hongera ya mjukuu.

Hapa mvua imenyesha. Mahindi ya shamba la kijiji yamefika kiunoni. Nashona sare za shule, kaptura arobaini. Nimemaliza tisa. Mwenyekiti ameniita kupe mbele ya watu, kwa kuwa siku ya shamba nilikutwa nimelala juu ya mpini wa jembe. Nilikuwa nimesimama, nikalala hivyo hivyo. Akasema kijiji cha ujamaa hakifugi kupe. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Nasikia baridi. Jua la Kigwa unalijua, na mimi nashinda nimevaa koti la marehemu baba. Sauti imekuwa nzito, watu wanadhani nina mafua. Wiki jana sindano ya cherehani ilipita kwenye kidole. Niliona damu kwenye kitambaa kwanza, maumivu yakaja baadaye, nayo si mengi.

Kuhusu neno la Saidi. Yule ni mtani. Mtani akisema, mtu anacheka au anatoa faini, hajitetei. Ningesimama pale kuapa, wangecheka zaidi. Sasa muda umepita na neno limeshakaa.

Mussa na wazee wao walikuja tarehe 20 mwezi uliopita. Waliniuliza kama namtaka mke wangu. Nikawaambia wafanye wanavyoona. Wakasema basi nimwache. Nikaandika talaka moja, balozi na jirani wakashuhudia. Mwanamkuu amekwenda kwao Isikizya na kitanda chake. Alilia. Nilikuwa namtazama, na nilichokuwa nawaza ni kwamba wakiondoka nitapata kulala.

Sina zaidi.

Nassibu


Ng'ambo, Tabora
14 Machi 1976

Nassibu,

Salamu zako zipo, leo sina nafasi ya kuzipanga. Mtu anaandika talaka, halafu ananiarifu baada ya mahindi, kaptura na sindano! Nilisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari.

Ijumaa nilifunga duka nikaenda Isikizya. Nilikwenda nimejiandaa kumwomba mkeo radhi kwa ulevi wa ndugu yangu. Alinitandikia mkeka, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wifi, nani kakwambia Nassibu anakunywa?"

Nikamwambia, "Mji mzima."

"Mji mzima haujalala naye. Hata togwa ikichacha haigusi."

"Sasa umeondoka kwa nini?"

"Usingizi," akasema.

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana naona wewe huyajui. "Anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta. Hilo si kitu, wanaume wanakoroma. Kinachonitisha ni anaponyamaza. Kifua kinapanda kinashuka lakini hewa haiingii. Nahesabu. Nikifika ishirini namsukuma alale ubavu. Siku moja nilifika arobaini. Anashtuka, anavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani, na wala hajui kama ameamka. Halafu inaanza tena. Mwaka na nusu, wifi. Nikisinzia mimi, nani atahesabu? Kaka zangu waliona macho yangu wakadhani napigwa na mlevi. Nikawaambia si hivyo, wakasema namfichia. Siku ya kikao aliulizwa mbele yangu kama ananitaka. Angesema ndiyo, ningebaki. Akasema, fanyeni mnavyoona."

Nililia pale mkekani, mimi mtu mzima. Mwaka mzima nimekuchukia kwa jambo ambalo hukulifanya.

Haya. Talaka ni moja. Mwanamkuu yumo edani, na eda itakwisha karibu tarehe ishirini ya mwezi wa tano. Kabla ya hapo huhitaji mahari wala sheikh wala kikao. Neno lako tu, mbele ya balozi, kwamba umemrejea, na mkeo yuko tayari. Nimemuuliza. Alisema, "Akinirejea kwa kutaka mwenyewe, nitarudi nihesabu."

Jambo la pili. Nenda kwenye ile hospitali ya misheni walikokupasua rovu, ule uvimbe wa shingo, mwaka 1973. Nenda wiki hii. Usiniulize kwa nini.

Dada yako,
Kuluthumu


Kigwa
11 Aprili 1976

Dada, shikamoo.

Hapa hatujambo. Kaptura zimefika kumi na nne, na mwalimu amempa mtu mwingine zilizobaki.

Hospitali ni mbali. Rovu lilishatoka na kovu limepona vizuri, sioni cha kuwapelekea.

Kuhusu Mwanamkuu nimeelewa. Nilisoma hesabu zake. Alifanya kazi kubwa. Nimejaribu kufikiri kama namtaka arudi, nikakuta sitaki wala sikatai. Nikifikiri sana nasinzia.

Wasalimie.

Nassibu


Ng'ambo, Tabora
25 Aprili 1976

Ndugu yangu Nassibu,

Mjukuu ameanza kucheka, goti limetulia, na sukari ilikuja siku moja ikaisha kabla ya adhuhuri. Hizo ndizo habari za nyumbani. Sasa nina jambo ambalo nimelizungusha tangu mwezi wa tatu.

Nikitoka Isikizya siku ile nilipita kliniki ya misheni kwa ajili ya goti. Yupo pale muuguzi mtawa, Sista Josepha. Aliona macho yangu yamevimba, akauliza, nikamweleza habari zako zote. Kuhusu pumzi hakushangaa. Nilipomtajia koti juani akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Shingoni ana kovu?"

Akanieleza. Tezi ile ya shingoni ndiyo inayoupa mwili joto na mwendo. Walipolikata rovu, sehemu ya tezi iliyobaki huenda ni ndogo mno haitoshi kazi. Basi mwili unapoa, unakuwa mzito, moyo unakwenda polepole, na mtu anakuwa hana furaha wala huzuni. Na uso ukivimba, ulimi na koo navyo vinavimba. Mtu wa namna hiyo akilala, hasa chali, koo linalegea linajifunga, hewa haipiti mpaka mwili ushtuke na kuipigania. Anashtuka hivyo mara kumi, mara hamsini. Anaamka asubuhi amelala kwa muda wa saa nane na hajapumzika hata moja, kwa hiyo mchana analala popote, kwenye jembe, ukutani, kwenye hitima ya mama yake. Akasema si kila anayekoroma ana ugonjwa wa tezi, hata wazima wanakoroma, lakini kovu, baridi, sauti na pumzi kukatika vikikutana kwa mtu mmoja asingoje.

Kisha akaniuliza, "Baada ya kumpasua hawakumwita tena?" Nikamwambia sijui.

Nassibu, nilimdanganya mtawa. Walikuita. Barua yao ilifika kwenye sanduku langu mwezi wa tano mwaka jana, wiki chache baada ya hitima. Bahasha ina muhuri wa hospitali na jina lako. Nilipoiona nikasema, huyu aliyemkoromea mama yake na aje aichukue mwenyewe. Nikaiweka kwenye sanduku la kanga za mama. Sikuifungua, kwa sababu barua ya mtu haifunguliwi. Kuifungua niliona ni dhambi, kuikalia sikuona kitu.

Siku ile nilipotoka kwa Sista ndipo nikaifungua. Ni mistari sita. Wanasema hujarudi, wanaomba ufike bila kukosa, kwani baada ya upasuaji kama wako huenda ukahitaji vidonge kila siku maisha yako yote. Na hata hapo sikukwambia. Nilikuandikia "usiniulize kwa nini" nikatumaini utakwenda bila kujua. Niliona aibu, na aibu yangu imekula mwezi mwingine wa eda ya mkeo. Nisamehe, au usinisamehe, lakini nenda.

Barua hii na ile ya hospitali anakuletea Saidi mwenyewe. Nilimweleza kila kitu. Akasema, "Dada, mimi nilimtania, sikumshtaki." Nimemwambia yeye ni mtani, ana ruhusa ya kukushika ukosi akuburute hadi hospitali, na kwa mila zetu huwezi kumkasirikia. Amekubali. Tena kwa furaha.

Zimebaki wiki tatu na siku chache. Mrejee Mwanamkuu kabla hujapanda gari. Tafadhali, mdogo wangu.

Kuluthumu


Kigwa
6 Juni 1976

Dada, shikamoo.

Tumerudi salama. Hapa wanavuna. Mvua ilikatika mapema, mahindi ni ya wastani.

Saidi alifika na barua. Hakunipa nafasi ya kukaa chini kuandika wala kutamka lolote, alinitoa nyumbani kama alivyoahidi. Njiani alinitukana mpaka kwenye geti la hospitali. Nusu yake sikuisikia, nilikuwa nimelala.

Walinitoa damu, wakanipima moyo, wakagonga magoti yangu kwa nyundo ndogo. Daktari akasema ni kama Sista alivyosema. Nimelala kule wiki nne. Wauguzi waliniangalia nikilala wakaandika kila pumzi inapokatika. Nimeanza na kidonge kidogo, nakimeza asubuhi kabla ya kula. Daktari anasema moyo umezoea kwenda polepole, ukiharakishwa unaweza kusimama, kwa hiyo wanapandisha kidogo kidogo. Kupona kwake ni kwa miezi. Akasema koo likishapungua uvimbe pumzi nazo huenda zikatengemaa, ila hakuahidi. Nisilale chali. Nimeshona gunzi la hindi mgongoni mwa shati, nikigeuka linanichoma. Mshono ni mbaya lakini linafanya kazi.

Tarehe 19 mwezi wa tano Saidi alikuja wodini, akakaa kitandani. Hakutania. Akasema, "Sema umemrejea. Mimi shahidi, na huyu wa kitanda cha pili shahidi. Neno moja tu, Nassibu." Niliuelewa umuhimu wake. Nikatafuta ndani yangu kitu cha kulisemea neno hilo, nikakuta hamna. Mwanamkuu alitaka nimrejee kwa kutaka. Kumrejea bila kutaka niliona ni kumdanganya. Nikiwa bado nafikiri, nikalala. Siku chache baadaye Mussa akatuma habari kwamba eda imekwisha.

Barua yako niliisoma, na ya hospitali pia. Sikukasirika. Nakwambia ili usihangaike.

Nassibu


Ng'ambo, Tabora
20 Juni 1976

Nassibu,

Salamu. Umeniandikia nisihangaike, na tangu siku hiyo nahangaika kutwa. Ungenitukana ningejua mahali pa kusimama. Ungeniita mchawi ningekubali. Wewe unaniambia hukukasirika, kama vile nimekukanyaga kiatu sokoni.

Saidi anazunguka Ng'ambo nzima akisema hukulewa siku ile, ulikuwa mgonjwa. Watu wanacheka mpaka machozi. Wanadhani ni utani mpya. Jana aliapa mbele ya msikiti, wakacheka zaidi. Amekuja dukani amekaa juu ya gunia la chumvi ameshika kichwa.

Ukisikia lolote moyoni mwako juu yangu, baya au zuri, niandikie siku hiyo hiyo.

Kuluthumu


Kigwa
12 Septemba 1976

Dada Kuluthumu, shikamoo.

Nakutakia mfungo mwema. Hapa tunabishana kama leo ni Ramadhani ya kumi na sita au ya kumi na saba. Kidonge nakimeza daku. Nimefika kidonge kizima. Koti nimelivua mwezi wa saba. Mwalimu amenirudishia kazi ya sare na sasa cherehani inalia kutwa, mpaka mwenyekiti amekuja kuuliza kama nina mtu ananisaidia. Balozi, ambaye chumba chake kinapakana na changu, anasema nakoroma kidogo lakini sinyamazi tena.

Kilichonirudia kwanza ni njaa. Kisha aibu. Siku moja nilikuwa napima kitambaa, nikakumbuka hitima ya mama, nikaona nyuso za wale masheikhe, nikaweka mkasi chini nikajificha ndani. Kisha mama mwenyewe. Dada, mimi nimemlilia mama mwezi wa nane mwaka huu, peke yangu, matanga yalishaisha zamani. Majirani walikuja kuniuliza nani amefariki. Niliona haya kuwaambia.

Na baada ya mama, Mwanamkuu. Niliamka nikamtaka. Sijui nikuandikieje, nilimtaka kama zamani, nikashangaa mtu huyu amekwendaje nami nikimwangalia.

Siku ya pili nilipanda lori hadi Isikizya. Nilimkuta uani anamenya karanga. Amenenepa, macho yake ni meupe. Sikumtambua kwa sekunde moja, kwa sababu mke niliyemzoea miaka ya karibuni ni yule aliyechoka.

Alinikaribisha vizuri. Akanitazama shingo, akanitazama uso. Akasema, "Umepungua."

Nikamwambia nimekuja kuposa upya. Mahari mpya, nikaha mpya, kila kitu. Nikamwambia namtaka, na kwamba wakati ule sikuwa nasikia kitu, si juu yake tu, hata sindano.

Akauliza, "Unalala?"

"Nalala."

"Unanyamaza?"

"Sinyamazi tena."

"Alhamdulillahi," akasema, na niliona imemtoka moyoni. Akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Na mimi nalala, Nassibu. Nalala mpaka kuku wanashuka. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nashtuka nikihesabu, na pembeni hakuna mtu. Sasa nimeacha. Nikirudi kwako nitahesabu. Hata ukiwa mzima nitahesabu, nimeshakuwa hivyo. Nilikungoja edani siku zote zile, kila gari likisimama natoka nje kuangalia. Sasa sina nguvu hizo tena. Niache nilale."

Sikumbishia. Ningembishia kwa lipi? Alinifungia karanga nikaondoka. Nilirudi kwa miguu kwa ile njia ya zamani ya wapagazi, nikilia wazi wazi mchana kweupe, na wapita njia wananipa pole.

Nilipofika nyumbani nikaitoa barua yako ya Aprili nikaisoma upya. Dada, sasa nimekasirika. Nimehesabu. Ungenipa ile bahasha mwezi wa tano mwaka 1975, siku Mussa anakuja na wazee wake ningekuwa na akili na moyo wangu, ningewaambia namtaka mke wangu, nao wangekunywa chai wakaenda zao. Hata ungeniambia mwezi wa tatu mwaka huu badala ya kuniambia nisiulize, huenda tarehe kumi na tisa ningepata neno. Uliniona mlevi bila kuniuliza uso kwa uso, na kutoka kwako mpaka kwangu ni asubuhi moja ya garimoshi. Ukaona bora barua yangu ikae na kanga za mama. Nikiandika hapa nimevunja ncha ya kalamu mara moja.

Uliniomba nikutukane. Sitakutukana, wewe ni dada yangu mkubwa. Lakini usije Idi. Usimtume Saidi wala usitume mkate. Usiniandikie kwanza.

Hasira hii nataka nikae nayo. Nimekaa miaka miwili bila kusikia kitu, na hii ni yangu. Ikipungua nitaandika.

Ndugu yako,
Nassibu